Mazoezi ya Kusubiri Gari la Taka

Mwalimu Peng alilifungua faili la Wanju, akalifunga, kisha akalifungua tena kama mtu anayerudi kwenye jokofu akitumaini safari hii atakuta kitu ndani.

"Mama Wanju," alisema kwa upole, "binti yako ana alama nzuri. Alama zimemfikisha mlangoni. Lakini usaili uko karibu, na wale walimu wa chuo kikuu watataka kujua kitu kimoja: ukiacha kufanya mitihani, huyu msichana hufanya nini?"

Shuchin alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye duka la chakula alikofanya kazi ya kufungasha wali na nyama, na nywele zake bado zilinuka mafuta ya kukaangia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, asije akakichafua.

"Anamsaidia baba yake karakanani," alisema. "Anapika. Jioni anatoa taka."

"Anatoa taka," alirudia mwalimu. Aliandika, akatafakari, akafuta.

Wanju alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kuliko mama yake, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na kola ya sare yake badala ya watu. "Nilishakwambia, Mama," aliiambia kola. "Sina kikundi, sina tuzo, sina cheti. Sina kitu."

"Bado kuna wiki kadhaa kabla ya kuwasilisha," alisema Mwalimu Peng. "Fanyeni lolote. Lolote lenye watu ndani yake."

Nje kwenye ujia walikutana na mama yake Chengyu, amevaa viatu vinavyogonga sakafu, akiburuta faili la mwanawe kwenye sanduku la magurudumu. Chengyu mwenyewe alikuwa nyuma akihangaika kufungua chupa ya maji.

"Mwenzangu! Wanju anaendeleaje?" Hakusubiri jibu. "Chengyu alijenga shule huko Kambodia. Kwa mikono yake hii hii!"

Chupa ilimshinda Chengyu. Wanju aliichukua, akaifungua, akamrudishia.

"Kituo chetu cha tuisheni kinapanga yote," aliendelea mama yake Chengyu. "Safari, picha, barua ya shukrani kutoka kwa watoto. Elfu themanini tu. Nikupe namba yao?"

Shuchin alichukua namba kwa mikono miwili na kushukuru mara tatu, kwa sababu hakujua kufanya kingine. Elfu themanini zilikuwa zaidi ya mishahara yake ya miezi miwili. Alipopanda pikipiki nyuma ya binti yake, aliyakumbuka maneno ya mwalimu, akafumba macho. Bwana, alisema moyoni, wewe ulitengeneza dunia bila vifaa. Tutengenezee faili.

*

Hesabu ya nyumba ile ilikuwa nyepesi, na kila mmoja aliijua. Wanju akipata Idara ya Ustawi wa Jamii katika chuo cha serikali kule Taichung, ada ingelipika. Akikosa, vyuo vya binafsi vingemchukua kwa furaha na kuinyonya karakana mpaka boliti ya mwisho. Hapo Wanju angesema, kwa ile sauti yake ya kwenye kola, "Basi nitafanya kazi na Mama dukani." Shuchin alikuwa amekwisha kuiota ndoto hiyo: yeye na binti yake bega kwa bega, wamevaa kofia za nailoni, wakipiga mayai kwenye wali.

Mume wake, Kunshan, alikuwa amelala chali chini ya pikipiki aliposimuliwa.

"Elfu themanini!" ilisema miguu yake. "Kwa elfu themanini mimi nitajenga shule hapa hapa, na choo juu yake!" Akajitoa chini, uso mzima una grisi. "Shida ni nini hasa? Watu, sivyo? Mwalimu amesema watu. Watu wanapatikana wapi bure?"

Wanju aliinua mabega.

Ndipo ukasikika kutoka barabara kuu ule wimbo wa kengele ambao kila mtu wa mji wa Huwei anaujua kuliko sauti ya mama mkwe wake. Gari la taka lilikuwa njiani. Milango ya uchochoro mzima ikafunguka kwa pamoja. Bibi Ho akatoka na mifuko miwili, Bibi Lien akatoka na wa kwake, Babu Ko akatoka na ndoo ya mabaki ya chakula, na wengine nyuma yao. Wote wakasimama pembeni ya nguzo ya umeme kama wanavyosimama kila jioni ambayo gari linapita, kwa sababu taka haziachwi chini katika mji ule. Unazishika mkononi mpaka gari lifike, uzitupe mwenyewe.

Kunshan aliwatazama. Grisi haikuweza kuficha jinsi macho yake yalivyong'aa.

"Wanju," alinong'ona, "mtoto wangu. Hicho hapo kikundi chako."

*

Kesho yake Kunshan alitokea na bango la kitambaa chekundu lenye maandishi meupe. Mteja mmoja mwenye duka la kuchapa alimchapia badala ya kulipia breki. Pale kwao hakuna jambo lililofanyika kweli mpaka watu wamesimama nyuma ya bango jekundu na kupigwa picha. Hata kufungua bomba la maji kunahitaji bango. Hili lilisema: KIKUNDI CHA MAZOEZI CHA WAZEE WA UCHOCHORO WA MIANZI. KUADHIMISHA MWAKA WETU WA TATU.

"Mwaka wa tatu wa nini?" aliuliza Bibi Ho. Alikuwa na miaka themanini na kitu, alifanya kazi kiwanda cha taulo maisha yake yote, na sauti yake ilizoea kushindana na mashine. "Nimekosa miwili yote? Mbona hamkuniita?"

"Ni kwa ajili ya picha tu, Bibi," alisema Kunshan. "Wanju anaomba chuo. Nyoosheni mikono kidogo, nipige, basi."

"Ah, kama ni Wanju, sawa. Haya mtoto, tufundishe."

Wanju alisimama mbele yao, mwekundu kama bango. "Inueni mikono," aliiambia kola.

"Anasemaje?" aliuliza Babu Ko, ambaye sikio moja lilikuwa limestaafu zamani.

"Sauti, mtoto!" aliita Bibi Ho. "Hatusikii! Au tuondoke?"

"Inueni mikono!"

"Mikono ina taka," alisema Bibi Lien.

"Ziweke chini basi," alisema Kunshan.

"Niweke chini paka wa huyu aje azipasue?" Bibi Lien alimwelekezea kidevu Bibi Ho. Wawili hao walikuwa hawasalimiani tangu tawi la mpera wa mmoja lilipovuka ukuta wa mwingine, ila waligombana kila siku, na kugombana kulitosha.

"Paka wangu hali taka zako. Ana adabu ya kuchagua."

"Basi inueni na taka zenu!" alisema Wanju, na kwa mshangao wa wote, naye akiwemo, ilikuwa ni kelele. "Mkono wa kulia juu! Shusha! Wa kushoto juu! Shusha!"

Mifuko ikapanda, mifuko ikashuka. Bibi Ho alikuwa na chupa tupu kulia na taka laini kushoto, akalalamika kwamba anapinda upande mmoja. Wanju alipoita "Geukeni!" Babu Ko, aliyesikia nusu, aligeuka nusu, na ndoo yake ikageuka yote. Supu ya jana, maganda ya tikiti na majani ya chai vilimfikia Kunshan kifuani wakati kidole chake kiko kwenye kitufe cha simu.

Picha ilitoka nzuri mno. Wazee wote walikuwa wamefungua midomo kwa kicheko, mifuko iko hewani, na bango jekundu nyuma yao. Gari likaja likiimba, taka zikatupwa, na watu wakarudi makwao wakijifuta machozi.

"Tumemaliza," alisema Kunshan, akitoa jani la chai sikioni. "Umeona? Bure kabisa."

*

Jioni iliyofuata, kabla Shuchin hajavua kofia ya kazini, mtu aligonga mlango kwa kitako cha mwavuli.

"Mwalimu yuko wapi?" aliuliza Bibi Ho. "Tumesimama tangu zamani. Mwaka wa tatu, bado anachelewa?"

Shuchin alichungulia. Walikuwepo wote. Bibi Lien alikuwa amevaa viatu vya michezo vya mjukuu wake, vinavyowaka taa kila akikanyaga.

"Lakini, Bibi, ilikuwa ni picha tu."

"Mama Wanju, jana usiku nililala kama mtoto. Kiuno hiki hakijaniacha nilale tangu kiwanda kifungwe. Mtoe mtoto."

Wanju akatoka. Akatoka kesho yake pia, na kesho kutwa. Alitafuta kwenye simu mazoezi ya magoti na ya mabega, akayabadilisha yafae kwa mtu mwenye mfuko kila mkono. Wazee wakaanza kuzipima taka zao. Babu Ko aliacha kutupa magazeti kwa siku kadhaa ili mfuko wake uwe wa kiume. Bibi Lien alishtakiwa hadharani kwamba mfuko wake umejaa hewa.

"Hewa? Njoo uubebe wewe!"

"Lete!"

Bibi Ho akaubeba, akanyamaza, akaurudisha. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa uchochoro ule kumwona amenyamaza.

Halafu ikaja Jumatano. Jumatano gari la taka halipiti. Mtoto mdogo anajua. Shuchin alikuwa anaosha mboga aliposikia sauti ya binti yake nje ikihesabu, akaenda dirishani. Wamesimama pale pale kwenye nguzo, na kila mmoja ana mfuko. Bibi Lien, aliyekuwa hana taka, alikuwa ameazima za jirani.

Wanju alikuwa mbele yao, kichwa juu, shingo nje ya kola kama kobe aliyeamua kuwa dunia ni njema. "Tatu! Nne! Babu Ko, goti hilo ni la kukunja, si la kupeleka matembezi!" Wazee wakacheka mpaka wakapoteza hesabu. Shuchin akacheka peke yake jikoni, maji yanamwagika, na akasema asante kwa sauti bila kujua anamwambia nani kwanza.

*

Lakini kulikuwa na jambo.

Kila alfajiri, kabla ya kwenda dukani, Shuchin alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, kati ya mtungi wa gesi na gunia la mchele. Kunshan alikuwa mtu wa hekalu. Alikwisha kupeleka nakala ya namba ya usaili ya Wanju kwa mungu wa mitihani, pamoja na vitunguu vya majani na figili, sadaka za kuombea akili na bahati, na alisema nyumba yao inagonga milango yote. Shuchin yeye alikuwa na mlango mmoja tu, wa kanisa dogo nyuma ya soko, na aliugonga kwa nguvu zote. Siku zote maneno yalimtoka kama maji. Sasa yalikwama.

"Baba, msaidie Wanju. Wakiitazama picha yake, walainishe mioyo yao, waone kwamba kwa miaka mitatu..."

Hapo alikwama. Akajaribu njia nyingine. "Wakisoma lile bango, Bwana, wasi..." Wasi nini? Wasilisome? Alimwomba Mungu afumbe macho ya walimu wa chuo kikuu, akaona aibu, akaanza upya. Akazunguka kwa majirani, akaombea magoti ya Babu Ko, akaombea amani ya mpera, akarudi kwa Wanju, na bango likawa limesimama palepale, jekundu. Amina ilikataa kutoka. Alikwenda kazini na ombi lililoachwa wazi kama mlango, na siku nzima alihisi upepo.

Siku moja kabla ya kuwasilisha, alitoa mkasi.

"Unafanya nini na bango langu?" aliuliza Kunshan.

"Siwezi kuliombea."

"Nani amekwambia uliombee? Liache! Shuchin, wenzetu wananunua shule nzima huko ng'ambo. Sisi tumeongeza mwaka. Haya, miaka miwili na nusu na kidogo. Hakuna aliyeumia."

"Mimi nimeumia. Amina haitoki."

Kunshan alijua namna ya kubishana na mke wake juu ya kila kitu, ila hicho hakikuwa na mahali pa kushikia. "Ukiandika ukweli utaandika nini?" alisema mwishoni, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Wiki ya tatu? Mtoto aende Taichung, mbele ya akina Chengyu, aseme ana kikundi cha wiki tatu? Watamcheka."

Shuchin alisita. Mkasi ulikuwa mzito. Aliwaza kofia za nailoni, yake na ya binti yake, zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Kama anakosea, atakayelipa si yeye.

Wanju alikuwa mlangoni. Hawakujua amesimama pale tangu lini.

"Mwanangu," alisema Shuchin, "faili ni lako. Sema wewe."

Wanju alilitazama bango. "Babu Ko wiki hii ameinuka kitini bila kushika meza," alisema. "Kama ni miaka mitatu, basi nimemchelewesha sana. Kama ni wiki tatu..." Akaanza kucheka. "Kama ni wiki tatu, Baba, mimi ni hatari!"

Kunshan alijitahidi kukaza uso. Haukukaza.

"Shona, Mama," alisema Wanju.

Shuchin alikata kipande kutoka kwenye foronya nyekundu ya harusi yao, akafunika neno la mwaka, na Wanju akaandika juu yake neno la wiki kwa rangi ya kupaka pikipiki. Lilikaa upande kidogo, jeupe kuliko maneno mengine, kiasi kwamba hata kipofu angejua limebadilishwa. Picha ilipigwa upya. Bibi Ho alidai bango sasa limewafanya wachanga, akataka kusimama katikati.

Alfajiri iliyofuata Amina ilitoka ya kwanza, kabla ya maneno mengine.

*

Chuoni Taichung wazazi walisubiri kwenye ujia mrefu. Mama yake Chengyu alikuwepo. Mwanawe aliomba idara hiyo hiyo. Faili lake lilikuwa na jalada la ngozi. Faili la Wanju lilikuwa la plastiki, la aina inayouzwa karibu na penseli, na Shuchin aliligeuza ili bei isionekane.

"Hiyo ndiyo yote?" aliuliza mama yake Chengyu. Hakuuliza kwa ubaya, na ndiyo maana swali liliuma.

"Ndiyo yote," alisema Shuchin.

Chengyu aliingia, akatoka, amepauka. "Wameniuliza jina la kijiji," alimwambia mama yake. "Jina la kijiji sikulikumbuka." Mama yake akaangalia ukutani. Shuchin alifungua mkoba akampa kijana yule andazi la mvuke, kwa sababu alikuwa na mawili na uso wa mtoto ulikuwa wa njaa. Akamwombea palepale, kimyakimya, ingawa nafasi za idara zilikuwa chache. Aliona Mungu ajue mwenyewe namna ya kupanga.

Halafu Wanju akaingia.

Mlango ulikuwa na kioo chembamba. Shuchin alijiambia hatachungulia. Alichungulia. Walimu watatu walikuwa nyuma ya meza ndefu, wanawake wawili na mwanamume mmoja mwenye tai. Mmoja aliinua picha akaisogeza karibu na macho. Akauliza jambo. Wanju akajibu. Mwalimu mwenye tai akashika kipaji cha uso, mabega yakaanza kutikisika.

Wanamcheka, aliwaza Shuchin. Kunshan alisema. Ni mimi na mkasi wangu.

Akachungulia tena. Mwanamume mwenye tai alikuwa amesimama. Ameshika kapu la taka la ofisini. Mwalimu mmoja ameshika mkoba wake, mwingine mafaili mawili makubwa, moja likiwa na jalada la ngozi. Mikono ya kulia ikapanda. Ikashuka. Ya kushoto ikapanda. Na kupitia mlango uliofungwa, na kupitia ujia wote, ilisikika sauti ya binti yake, ile iliyoishi miaka yote ndani ya kola:

"Mwalimu, hilo kapu lako lina hewa!"

Kwenye treni ya kurudi Wanju alisimulia huku anarukaruka kwenye kiti. "Wakasema, picha inasema wiki ya tatu. Nikasema ilikuwa ya tatu, sasa ni zaidi. Wakasema, hili neno limeshonwa? Nikasema ndiyo, Mama alishona, lilikuwa linasema mwaka, Baba alitaka tuonekane wa zamani. Wakauliza kwa nini mlianza? Nikasema Baba alitaka picha."

"Ukawaambia yote hayo?" Shuchin alifunika uso kwa mikono.

"Yote. Halafu wakauliza swali gumu. Nikija huku, nani ataongoza kikundi?"

"Ukajibu nini?"

Wanju alitazama dirishani, mashamba ya mpunga yanapita. "Nilijibu," alisema, na akakataa katakata kusema zaidi.

*

Siku ya majibu Shuchin alipasua mayai mengi kuliko aliyokaanga.

Majibu yalitoka kwenye tovuti asubuhi, Wanju akiwa shuleni. Angeweza kupiga simu. Lakini Bibi Ho alikwisha kupitisha sheria: hakuna atakayesikia kabla ya mwingine. Kikundi ni kikundi. Wanju awaambie wote pamoja, jioni, kwenye nguzo. Mtoto aliapa, na alikuwa mtoto wa kushika neno. Shuchin alijilaumu kwa kumlea hivyo.

"Mpigie!" walimwambia wenzake dukani.

"Ameapa."

"Mpigie mwalimu!"

"Nitajua kabla ya Bibi Ho. Unamjua Bibi Ho?"

Akaweka mayai mawili kwenye kasha la mteja aliyeomba samaki. Jioni alipofika nyumbani Kunshan alikuwa ameisafisha pikipiki ileile mara nne. Wanju akarudi na uso mweupe kama karatasi ambayo haijaandikwa, akapita, akachukua mifuko miwili ya taka, akatoka. Wazazi wake walimfuata kama bata.

Uchochoro mzima ulikuwa kwenye nguzo. Bango limefungwa. Bibi Lien amevaa viatu vya taa.

"Sema!" alisema Kunshan.

"Babu Ko hayupo," alisema Wanju.

"Babu Ko!" walipiga kelele wote.

"Natafuta meno!" ilijibu nyumba ya Babu Ko.

"Huhitaji meno kusikia!"

"Nahitaji ya kushangilia!"

Kwa mbali, kutoka barabara kuu, wimbo wa kengele ulianza. Gari lilikuwa linakuja. Shuchin alishika mfuko wake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeshika mtoto, na midomo yake ilikuwa inacheza. Hakuwa na ombi lolote jipya. Alikuwa anasema tu: Baba, Baba, Baba.

Babu Ko akatokea, ndoo mkononi, meno mahali pake.

Wanju akavuta pumzi. Hakutazama kola. "Nimepata," alisema. Kisha, kwa kuwa Babu Ko alikuwa ameshika sikio, akajaza kifua. "NIMEPATA TAICHUNG!"

Kilichofuata hakuna aliyeweza kukisimulia kwa mpangilio. Babu Ko alishangilia kwa meno yote. Kunshan alimbeba Wanju, akashindwa, akabebwa. Bibi Ho alimkumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, akaona ni Bibi Lien, akafikiri kidogo, akaendelea. Mtu alikuwa anapiga sufuria. Shuchin alikuwa amepiga magoti barabarani, mfuko wa taka kifuani, analia na kucheka, na wimbo wa kengele ulipita juu yao wote kama sehemu ya sherehe, ukasikika kwa nguvu, ukapungua, ukawa mbali.

"Hee!" alisema Bibi Lien. "Gari!"

Waligeuka. Taa nyekundu za gari la taka zilikuwa zinakata kona. Walikuwa wameliacha lipite mbele ya pua zao, watu wa uchochoro mzima, mikono imejaa.

Wakakimbia. Kunshan mbele, Wanju anayafuata mabega ya baba yake yanayotetemeka kwa kicheko, Bibi Lien anawaka na kuzimika, Bibi Ho anatishia serikali kwa mwavuli. Babu Ko, ambaye mwezi uliopita alikuwa anashika meza ili ainuke, alikuwa anakimbia. Zilikuwa mbio za hatua fupi, na supu ilikuwa inamwagika nyuma yake njia nzima, lakini zilikuwa mbio. Shuchin aliliona hilo akiwa hewani kati ya hatua mbili, na neno likamtoka kwa sauti mbele ya watu wote: "Amina!"

Gari halikusimama. Walilikosa kwenye kona ya kwanza, wakalikosa kwenye ya pili, na mbele ya duka la dawa waliishiwa pumzi wakaegemeana.

"Na kesho ni Jumatano," alisema Kunshan. "Halipiti."

"Afadhali," alisema Bibi Ho. "Uzito wa kesho tunao." Akanyoosha mgongo, akaangaza. "Ila huyu anaondoka. Nani atahesabu?"

Wanju alimtazama mama yake. "Chuoni waliniuliza hivyo hivyo," alisema. "Nikawaambia ni Mama."

"Mimi?" Shuchin alirudi nyuma hatua moja. "Mimi sijui kusimama mbele za watu. Mimi ni wa kufungasha wali."

"Nimeshawaambia, Mama. Watu watatu, na mmoja ana tai. Unataka niwe nimewadanganya?"

Watu wote walikuwa wanamtazama, chini ya taa ya duka la dawa, mifuko mkononi. Kunshan alijipanga tu mwisho wa mstari, taka kulia, taka kushoto. Shuchin akainua mfuko wake kidogo.

"Moja," aliiambia kola ya shati lake la kazini.

"Hatusikii!" walipiga kelele wote, na sauti ya Wanju ilikuwa juu kuliko zote. "Sauti, Mama! Au tuondoke?"

Shuchin alicheka, akainua uso, akainua taka zake juu kabisa.

"MOJA!"